Sheria nazijua zote, mbona wananinyima mechi kubwa?

BARUA

Mwalimu shikamoo, na wasomaji wengine habari zenu. Naomba mnisaidie maana hili jambo limenikaa kooni tangu mwezi wa tano na mke wangu ameshachoka kulisikia.

Mi ni Mtanzania naishi Texas, maeneo ya Dallas, nina miaka 46. Usiku nafanya kazi ghala, jioni za siku za mapumziko na wikiendi mi ni ampaya wa besiboli, yani refa. Najua wengi huko nyumbani watauliza mbongo na besiboli wapi na wapi, ila mi huu mchezo ulinishika mwaka 2012 wale watoto wa Lugazi Uganda walipofika Williamsport kule Pennsylvania, timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, ile ligi ya watoto, nilikua nawaangalia kwenye tivii ya chumba cha mapumziko kazini machozi yananilenga. Baadae jamaa mmoja wa kazini akaniambia ligi ya mtaani kwao inatafuta waamuzi, hela kidogo ipo, nikaenda kozi, nikanunua barakoa, kinga ya kifua, kinga za ugoko na vile viatu vyenye chuma mbele, na mpaka leo nimo.

Sasa mwalimu sheria nimezisoma mpaka kitabu kimechakaa. Kwenye mtihani wa kila mwaka mi ni wa juu, vijana wakikwama kwenye sheria ngumu kama boki au infildi flai wananipigia mimi simu. Lakini mechi za sekondari wanapewa hao hao vijana wanaoniuliza, mimi nimerudishwa kwa watoto wa chini ya miaka 12.

Ilianza hivi. Mechi ya sekondari, mimi niko hom pleti, yani pale mpigaji anaposimama, refa mwenzangu yuko kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia. Kuna mkimbiaji besi ya kwanza, mpigaji akapiga mpira ukaenda uwanja wa kulia, yule mkimbiaji akapitiliza besi ya pili akaja ya tatu, mpira ukarushwa, nikaona glovu imeshuka nikasema auti, yani katolewa. Kocha akatoka kwenye benchi anapiga kelele umeonaje kutoka huko nyuma, umeonaje kutoka huko nyuma, uwanja mzima unasikia. Nilikua nimesogea hatua kadhaa tu, sawa, lakini niliona! Baada ya hapo mpangaji wa mechi akamtuma mkaguzi aje aniangalie, karatasi yake imeandika maamuzi mengi ni sahihi ila hachangamki, anafika kwa kuchelewa, hali ya mwili inamzuia. Nikampigia mpangaji, akanijibu jiweke fiti kwanza alafu tuongee.

Kitambi ninacho, sikatai. Lakini mwalimu kazi ya refa si macho na akili? Kwenye mpira wa miguu refa anakimbia dakika 90 namuelewa, huku mtu umesimama nyuma ya mdakaji muda wote, kuchangamka kwa ajili ya nini, kumfurahisha nani? Kuna siku nawaza ni hii lafudhi yangu na rangi yangu tu, wanatafuta sababu.

Na mke wangu kasema nisilifiche hili la mwisho. Mwezi wa saba nilipiga mechi mbili mfululizo, joto lile la Texas, iningi ya nne (iningi ni zamu ya kupiga ya kila timu) ya mechi ya pili nikapata kizunguzungu, moyo ukawa unaenda mbio ovyo ovyo, mwenzangu akaniletea maji nikakaa kidogo nikamalizia mechi. Hospitali sijaenda, bima ya kazini makato yake yananiumiza, na sikuona tena hiyo hali. Mke wangu anasema au niache au ataficha begi la vifaa. Nifanyeje mwalimu, niache, nipambane nao, au nikae hivi hivi na hawa watoto?

Ampaya wa Dallas

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Nitaanzia mwisho wa barua yako, maana ukiniuliza mimi hicho kizunguzungu ndo barua yenyewe na hayo mengine yanafuata nyuma.

Usivae hiyo barakoa tena mpaka daktari akuone. Tarehe 1 Aprili 1996, siku ya kufungua msimu kule Cincinnati, ampaya wa ligi kuu ya Marekani John McSherry alisimama nyuma ya hom pleti kama kawaida yake, mrushaji akarusha mipira saba tu, McSherry akageuka akaanza kutembea kuelekea nje ya uwanja akaanguka, na siku hiyo hiyo akafariki. Alikua na miaka 51, mwamuzi mzoefu anayeheshimika, mtu mzito mwenye zaidi ya kilo 140. Na kinachoniuma kila nikikumbuka ni kwamba kesho yake alikua na miadi na daktari kuhusu mapigo ya moyo wake, alitaka kwanza amalize mechi ya ufunguzi. Baada ya hapo habari ya uzito na afya ya waamuzi haikuchukuliwa tena kama utani wa chumba cha kubadilishia nguo.

Sisemi wewe una ugonjwa wa moyo, mimi si daktari, inawezekana lilikua joto tu na maji hukunywa. Lakini kizunguzungu na moyo kwenda ovyo ukiwa kazini kwenye joto, miaka 46, kitambi, kulala mchana kwa vipande, hiyo sio kitu cha kusema sikuona tena. Habari ya bima naielewa sana, ila huko Marekani kuna vituo vya afya vya jamii ambavyo vinakutoza kulingana na kipato chako, ulizia kilicho karibu na unapoishi. Na ukifika usimwambie daktari nachoka choka tu, mwambie vile vile ulivyotuandikia sisi, iningi ya nne, joto, moyo mbio, nikakaa, nikaendelea. Mpe na kazi yako ya usiku. Mkeo hapo yuko sahihi asilimia mia na mimi nikiwa jirani ningemsaidia kulificha hilo begi.

Haya, tuje kwenye ile auti ya besi ya tatu.

Naamini uliona kitu. Swali la kocha lilikua baya kwa sauti ila lilikua zuri kwa maana, umeonaje kutoka huko? Uwanja wa sekondari kutoka hom pleti mpaka besi ya tatu ni mita 27 na ushee. Mpira unatoka uwanja wa kulia, mchezaji wa besi ya tatu kageukia mpira unakotokea, mkimbiaji anateleza akitokea besi ya pili, kwa hiyo mguu na glovu vinakutana upande wa pili wa mwili wa yule mchezaji. Wewe uliyebaki jirani na hom pleti unaona bega, unaona mkono unashuka, unaona vumbi. Kama glovu ilimfikia kabla mguu haujafika kwenye besi au baada, hilo kwa pale ulipokua halionekani, macho yawe makali kiasi gani. Inawezekana kabisa ilikua auti. Ila uliikisia, na kila mtu uwanjani aliona kwamba unakisia, hata wale waliofaidika nayo.

Na kwenye mfumo wa marefa wawili ile besi ni yako, hilo na wewe unalijua maana umesoma kitabu. Mkimbiaji akiwa besi ya kwanza na mpira ukapigwa kwenda nje, mwenzako aliyeko katikati anabaki na mpigaji kwenye besi ya kwanza na ya pili, wewe unatoka nyuma ya mdakaji, unakimbia pembeni nje ya mstari huku unamsoma yule mkimbiaji, akiamua kuja ya tatu unaingia, unasimama, unaangalia. Mpira ukimponyoka mchezaji ukaenda kwenye uzio unageuka na kurudi mbio hom pleti kabla ya mkimbiaji kufika, na kinga zote zile mwilini. Kuna mbaya zaidi ya hiyo, besi zikiwa tupu mpira ukapaa mwenzako akatoka kwenda kuuangalia unadakwa au haudakwi, yule mpigaji anakua wako peke yako kuanzia besi ya kwanza mpaka arudi nyumbani. Hapo akili ya sheria itakusaidia nini kama miguu imebaki nyuma?

Ndo maana wamekurudisha kwa watoto, na naomba uione kwa jicho la mpangaji wa mechi. Uwanja wa chini ya miaka 12 kutoka besi hadi besi ni mita 18 na kidogo. Ukichelewa hatua nne pale bado uko jirani na tukio. Sekondari unaongezewa mita tisa kwa kila besi, alafu wanaokimbia ni vijana wa miaka 17 wenye mapaja. Mtu yule yule, akili ile ile, uwanja mwingine, na kasoro inaonekana mpaka jukwaani.

Umesema muda wote tumesimama. Ni kweli tunasimama sana, na hapo ndo ugumu ulipo kwa mwili wa miaka 40 na kitu, maana unasimama dakika nne tano misuli inapoa alafu ghafla unatakiwa utoke kwa kasi. Refa wa mpira wa miguu mwili wake una moto muda wote, wa kwako unaombwa kulipuka kutoka baridi. Waamuzi wengi wanaochana msuli wa nyuma ya paja wanauchana hivyo hivyo, hatua ya pili ya tatu.

Alafu hiyo kazi ya hom pleti yenyewe. Mechi ya ligi kuu inaweza kufika mirusho karibu 300, ya kwenu ya iningi saba ni pungufu ya hapo lakini kila mrusho ni kushuka, kutulia kichwa kisitikisike, kuona, kuinuka, tena na tena na tena. Waswahili wamesema mtaka cha uvunguni sharti ainame, na straiki (mrusho uliopita ndani ya eneo halali la mpigaji) ya usawa wa magoti iko uvunguni kweli kweli. Mapaja yakichoka iningi ya tano hutajijua, unaanza kushuka pungufu kidogo, kichwa kinabaki juu, mpira wa chini unaanza kuubahatisha. Iningi ya kwanza ulimpa mrushaji ile straiki, ya sita ule ule mpira unamwambia boli, yani umepita nje ya eneo, kocha hajui habari ya mapaja yako, yeye anachoona refa anabadilika badilika. Uwezo wa kuhukumu mipira na straiki ni wa macho mpaka pale miguu inapochoka, baada ya hapo ni wa miguu. Wenzetu wa ligi kuu tangu 2014 wana marudio ya video kwa maamuzi mengi ya kwenye besi, na msimu wa 2026 wakaletewa mfumo wa kamera ambao mchezaji anaweza kuutumia kupinga straiki au boli. Uwanja wako huna kamera, una miguu tu.

Kuhusu lafudhi na rangi. Sitakwambia hakuna, mtu mweusi mwenye lafudhi ya Kiswahili akisimama mbele ya makocha wa Texas hilo jambo linaweza kuwepo na nisingependa mtu akufumbe mdomo. Kwa hiyo angalia ushahidi. Kama hao wanaopewa mechi kubwa nao ni wazito na wazito wa kutoka, na wewe peke yako ndo umeandikiwa hivyo, basi pana jambo, weka tarehe, tunza karatasi, lipeleke kwa chama chenu cha waamuzi kwa maandishi. Lakini soma tena karatasi yako mwenyewe. Imeandikwa maamuzi mengi ni sahihi. Mtu anayetafuta sababu ya kukutupa asingekuandikia sentensi hiyo, ndo sentensi ambayo ingekubeba, na ameiweka mwanzo. Alafu mpangaji hajakwambia umri, hajakwambia hufai, amekwambia jiweke fiti tuongee. Mimi mlango huo nauona uko wazi.

Umeuliza kuchangamka ni kwa ajili ya kumfurahisha nani. Jamani, kuchangamka ndo kunakufikisha pale unapoweza kuona, na watu wanakuamini kwa sababu wamekuona ukienda. Mwaka 2010 tarehe 2 Juni kule Detroit, ampaya Jim Joyce alimnyima mrushaji Armando Galarraga mechi kamilifu, yani mechi ambayo hakuna mpinzani hata mmoja anayefika besi, ilibaki auti moja tu, akasema sefu, yani mkimbiaji kafika salama, wakati video ilionyesha ni auti. Kosa kubwa kuliko lako mara mia. Lakini alikua karibu na besi, kwenye nafasi yake, akakosea kama binadamu, akaomba radhi analia, na kesho yake Galarraga mwenyewe ndo alimpelekea karatasi ya majina ya timu pale hom pleti. Aliyekosea akiwa ameshafika anasameheka. Wewe huenda hata ulipatia na hawakusamehe.

Ila usije ukaenda upande wa pili. Kuna waamuzi wanajikimbiza kila sehemu ili mkaguzi awaone, mpira unadakwa bado wanakimbia. Ukikimbia kichwa kinaruka na macho yanaruka nacho, tukio linapotokea lazima uwe umeshasimama. Besi ya kwanza afadhali uwe mita tano umetulia na pembe nzuri ya kuuona mpira na mguu kuliko mita mbili ukiwa bado kwenye mwendo. Mkimbio wote ule ni kwa ajili ya hiyo sekunde moja ya kusimama. Pia zile ndogo ndogo zisizohitaji pumzi, kati ya iningi nenda kwenye nafasi yako kwa kukimbia kidogo kidogo badala ya kujivuta, usiegemee uzio kupiga stori, mtoe mpigaji benchini mapema, jezi iwe imechomekwa. Hayo unaweza kuanza nayo hata kwa hawa watoto, tena uwafanyie wao kama vile ni fainali, wanastahili.

Mazoezi sasa, na narudia ni baada ya daktari kusema nenda. Usianze na kukimbia kilomita tano barabarani, magoti yatakuchukia na sio kazi yako ilivyo. Mwezi wa kwanza tembea haraka, kila siku unayoweza, na nyoosha nyonga, maana za kwako nadhani zimekaza kwa kusimama ghala. Kuchuchumaa, kupiga hatua ndefu mbele na kushusha goti, kusimama kwenye ile staili yako ya hom pleti ukashikilia mpaka mapaja yatetemeke, pumzika, tena. Ikikubali mwilini ndo unaweka chupa mbili za maji kwenye nyasi umbali kama wa besi kwa besi, unasimama kama uko kazini, unatoka kwa kasi ya kadiri, unasimama kabisa, unahesabu mbili, unarudi kwa kutembea. Mafupi mafupi. Ongeza kasi wiki kwa wiki, sio siku kwa siku. Na kabla ya mechi yoyote fika mapema uupashe mwili moto kwenye maegesho, hakuna atakayekucheka, na akikucheka asubiri iningi ya sita.

Chakula sikupi orodha, wewe na shemeji mnajua nini kinaingia. Mimi ningeanza na soda na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya zamu ya usiku, na chai yenye sukari vijiko vingi na chapati saa tisa usiku, hapo peke yake ukigusa utaona tofauti. Na usitoke zamu ya usiku moja kwa moja ukaenda kupiga mechi mbili mchana, hata uwe na mwili wa miaka 20 hiyo ni hatari. Siku ya joto anza kunywa maji tangu asubuhi, weka taulo lenye barafu kwenye kiboksi, kati ya iningi simama kivulini na uvue barakoa, kama ni mechi mbili kubadilishaneni na mwenzako, mmoja hom pleti mechi ya kwanza mwingine ya pili. Ukiona kichwa kinazunguka tena au unaanza kuchanganya hesabu, mechi inasimama. Hukumalizia mechi ile kwa ushujaa mdogo wangu, ulimalizia kwa bahati.

Na umri usiufanye kisingizio. Jen Pawol, mwanamke wa kwanza kuwa ampaya kwenye mechi ya msimu wa kawaida wa ligi kuu, aliingia tarehe 9 Agosti 2025 kule Atlanta akiwa na miaka 48, baada ya kusota kwenye ligi ndogo tangu 2016. Siku moja alikua kwenye besi, kesho yake akashika hom pleti. Siku hiyo alikua na miaka miwili zaidi ya wewe ulivyo leo.

Kwa hiyo usiache, na usipambane nao bado. Mwandikie mpangaji wiki hii kwamba unapumzika kwa sababu za kiafya, utarudi na barua ya daktari, hilo wanaliheshimu. Ukiruhusiwa omba mechi za msimu wa vuli, zile ambazo matokeo hayana presha kubwa, na umuombe mkaguzi yule yule aje tena, sio mwingine, umwambie aangalie kitu kimoja tu: unafika besi ya tatu kabla ya mpira au hufiki. Mechi za sekondari Texas zinaanza Februari, muda upo. Kama utafika na bado wakakunyima, niandikie tena, na hapo nitakua upande wako kwa sauti nyingine kabisa. Msalimie shemeji, mwambie begi alifiche mpaka majibu ya daktari yatoke.